Kidole Nilichonyoosha Kwenye Upeo

Harufu ya udongo mbichi ndiyo iliyonitibua. Vijana walikuwa wameanza kuchimba kaburi la baba tangu alfajiri, nyuma ya nyumba, karibu na mianzi yake aliyoigema pombe ya ulanzi. Mimi niliwaacha wanawake jikoni wakimenya viazi nikaenda kuchungulia. Najua binti wa marehemu hapaswi kwenda kuchungulia shimo la baba yake. Nilichungulia. Kijana mmoja niliyemfundisha kidato cha pili akaniambia kutoka chini, "Mwalimu, sogea nyuma kidogo, kingo hizi hazina adabu." Sikusogea. Nilikuwa nausoma ukuta wa shimo: juu weusi wenye mizizi, kisha kahawia, kisha wekundu ule wetu wa Njombe unaoharibu soksi za wanafunzi, na chini kabisa kitu cha manjano, kigumu, kilichokuwa kikiyarudisha majembe.

Ninafundisha jiografia. Katika Kiingereza cha vitabuni, kila tabaka la udongo linaitwa kwa neno lile lile wanaloita upeo wa macho, na kila mwaka mwanafunzi mmoja hunyoosha mkono kuuliza udongo nao unaona nini hadi uwe na upeo. Darasa linacheka. Mimi sicheki. Neno hilo na mimi tuna ugomvi wa zamani. Mkuu wa shule anatuambia tupanue upeo, mgombea anajisifu kwa upeo wake, shemasi naye siku ile ya mazishi alisema marehemu amefika kwenye upeo wa safari yake. Nilikuwa nimesimama na mama nikimshika mkono, nikasema moyoni kwamba huyo mnayemsifu atalazwa chini ya tabaka la manjano, na kutoka pale hataweza kumkimbiza mtu.

Mama alikuwa amegeuza kichwa chote kunitazama, kwa kuwa jicho lake la kushoto halioni. Limekufa tangu nikiwa darasa la nne. Watu wote wa kijijini wanajua ni baba aliyelitoboa. Kitu ambacho hawakukijua, na ambacho hata mama mwenyewe sikuwahi kumwambia, ni kwamba aliyemwonyesha baba mahali alipokuwa ni mimi.

Nyumba yetu iko bondeni, ndani ya vilima vilivyo kati ya Njombe na Makambako. Ukifuata njia ya magari hadi lami unazunguka nusu ya siku. Mbele ya nyumba kuna kilima kirefu kilicholala kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine, au ndivyo nilivyoona wakati ule, na mgongoni mwake hakuna mti hata mmoja. Pale juu ndipo ilipopita barabara ya moto. Kila kiangazi, baridi inapoanza kuuma, wanaume wenye misonobari walipanda na mafyekeo na majembe wakasafisha ukanda mpana kufuata mgongo wa kilima, kila mtu kipande chake, kisha wakayachoma majani kwa zamu ili moto wa upande mmoja usivuke kwenda kula miti ya upande wa pili. Vilibaki visiki vyeusi vimejipanga. Sisi watoto tulikatazwa kabisa kukanyaga kule, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya walinzi wa mashamba.

Baba alikuwa mpasua mbao. Alinukia utomvu wa msonobari na petroli ya msumeno, na alikuwa anapiga. Sitaki kuizungusha sentensi hiyo. Alimpiga mama kwa ukanda, kwa mwiko, kwa ubapa wa panga, na mara moja kwa sufuria ya viazi iliyokuwa imetoka motoni, viazi vikiwemo. Alipiga akiwa amekunywa na akiwa hajanywa. Wazee wa kanisa walikuja kusuluhisha. Walichinjiwa kuku, wakamwambia mama avumilie, wakamwambia baba apunguze, kama vile kipigo ni chumvi, wakafunga kwa sala wakaondoka na mafuta midomoni. Nilikuwa nimekaa mlangoni nimempakata mdogo wangu Upendo, aliyekuwa na miaka minne, nikamwomba Mungu aliyetajwa pale wazee wote watatu wapaliwe na mifupa. Hawakupaliwa.

Mama yangu ni Mkinga wa Makete. Alikuwa hana ndugu karibu isipokuwa kaka yake mmoja, mjomba wetu, aliyekuwa akiuza viazi Makambako, jirani na stesheni ya reli. Baba alipomtaja mjomba alitema mate kwanza. "Mama yenu hana upeo," alizoea kutuambia wakati wa kula, mama akiwa amekaa pale pale. "Anadhani dunia inaishia Makambako kwa yule mla viazi." Sisi sote tulikuwa tunakula viazi.

Ndipo mwalimu wetu wa darasa la nne akatufundisha upeo. Alikuwa kijana mwembamba, mgeni, hajazoea baridi, anafundisha amejifunga shali ya mke wake. Alitutoa nje, akatupanga mstari kwenye uwanja wa mpira, akanyoosha fimbo kuelekea kilima chetu.

"Pale mbingu na ardhi vinapoonekana kukutana," alisema, "panaitwaje?"

Hatukujua. Akatuambia. Tukaimba mara tatu.

"Sasa nikitembea kuuelekea upeo, nitaufikia?"

"Ndiyooo."

"Hapana. Mtu haufikii upeo. Wewe unasogea, nao unasogea. Hata ukimbie."

Nikanyoosha mkono. "Hata mtu mzima mwenye nguvu sana?"

"Hata mwenye nguvu kuliko wote hapa kijijini."

Sijui kama aliona uso wangu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimeambiwa kuna mahali ambapo mkono wa baba haufiki, na mahali penyewe napaona kila asubuhi nikipiga mswaki. Nilirudi nyumbani nikikitazama kilima kwa heshima mpya. Sikuwa mjinga. Nilijua kwamba baba huenda kule na fyekeo lake kila kiangazi. Lakini nilijijibu mwenyewe kwamba akiwa kule, upeo huwa umeshasogea mbele, ndiyo maana hajawahi kurudi akasema ameuona. Na wanaume walikuwa wakipanda ukungu ukiwa bado mzito na kuteremka giza likiingia, kwa hiyo sikuwahi kumwona hata mmoja amesimama juu ya mstari ule. Hesabu ilikubali. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, ripoti yangu ya muhula ule iliandikwa kwamba nina upeo mkubwa.

Siku yenyewe ilianza na uji. Ulikuwa na mabonge. Baba akaumwaga kwenye kanga ya mama, kisha akamfuata mama chini kwa mateke, kisha akachukua msumeno wake akaenda kazini. Mama alikaa kidogo sakafuni. Alipoinuka alikuwa amekata shauri, nadhani, maana hakulia wala hakufuta uji. Alibadilisha nguo, akatia vitu vichache kwenye lile begi la plastiki la mistari tunaloliita shangazi kaja, akavaa sweta la baba juu ya nguo zake zote. Akanivutia nyuma ya nyumba.

"Nakwenda kwa mjomba wako," aliniambia. "Nafuata barabara ya moto hadi mwisho, nitatokea lami. Kesho kutwa nakuja na mjomba na mwenyekiti kuwachukua. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Baba yako akirudi mapema, sema nimekwenda mtoni kufua. Sema hivyo tu. Usiongeze neno."

Akambusu Upendo kichwani, akapita kwenye mianzi akapotea. Sikulia. Nilikuwa na furaha iliyonibana hadi mbavu ziliuma, kwa sababu nilijua mama anakokwenda kuliko hata yeye mwenyewe.

Ukungu ulikuwa umeondoka upande wetu lakini upande wa pili wa kilima ulikuwa bado umejaa, kwa hiyo nyuma ya ule mgongo mweusi kulikuwa kweupe tupu. Nilimwambia Upendo tukae kwenye gogo la kupasulia kuni tusubiri. Baada ya muda mrefu, mama alitokea juu. Mdogo sana, na begi kichwani. Alikuwa anatembea juu ya mstari wenyewe, pale hasa mbingu na ardhi zinapokutana, na moyo wangu ukatulia kabisa. Nilifikiri: ameshaupanda, sasa wanaondoka pamoja. Kama vile mtu akishapanda lori, wewe unayekimbia nyuma unakula vumbi.

Baba akarudi. Mnyororo wa msumeno ulikuwa umekatika, akaja kuchukua mwingine.

"Mama yako yuko wapi?"

"Mtoni. Anafua."

Aliingia jikoni akatoka na beseni. Akalisimamisha mbele yangu kwa utaratibu kabisa. "Anafulia nini? Mikono?"

Kofi la kwanza lilinitoa kwenye gogo. Upendo akaanza kulia, akamsukuma kando kwa mguu, si kwa nguvu sana, namna mtu anavyomsogeza kuku, na mtoto akaangukia beseni akapasuka mdomo. Damu ilikuwa ndogo. Lakini niliiona. Watu wakisimulia utoto wao husema waliogopa. Mimi siku ile sikuogopa. Nilitaka aumie. Nilitafuta kitu kikubwa cha kumpiga nacho, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni kile nilichofundishwa shuleni.

Nikasimama, nikanyoosha mkono wangu wote, nikanyoosha na kidole.

"Yule pale," nilisema. "Yuko kwenye upeo. Humfikii."

Alifinya macho. Aliangalia mkono wangu, akaangalia kilima. "Vile ni visiki," alisema. "Unanichezea?" Akainua mkono tena. Na kweli, kutoka kwetu visiki vilikuwa vingi vimejipanga pale juu, na mama alikuwa amesimama kidogo, kwa hiyo alikuwa kisiki kama vingine. Pengine angenizaba kofi la pili akaendelea na mambo yake. Pengine angeenda mtoni, akapoteza saa nzima.

Kisiki kimoja kikainua mkono. Kikapunga.

Baba aliingiza mkono chini ya paa la jiko akavuta fyekeo, akaondoka mbio kupitia mianzini. Na mimi nilicheka. Ni lazima niliandike hili, maana limenikaa kooni kuliko yote: nilicheka. Nilimnyanyua Upendo, nikamfuta mdomo kwa gauni langu, nikamketisha gogoni. "Tazama," nilimwambia, "tazama baba anavyojichosha bure." Tulimwona anatokea kwenye shamba la mahindi makavu, anaingia kwenye majani, anapanda. Nilimhesabia hatua. Nilikuwa nasubiri kilima kianze kusogea.

Hakikusogea. Mama alikuwa ameanza kutembea tena, bila haraka, mgongo wake kwetu. Halafu nadhani alisikia kitu, akatupa begi, akakimbia. Baba alitokea juu ya mstari, naye mdogo kama mama, na kati yao palikuwa na visiki sita, kisha vinne, kisha hakuna. Wakawa kitu kimoja. Kitu hicho kikaota mkono mrefu, ambao ulikuwa mpini wa fyekeo, ukapanda ukashuka. Ukapanda ukashuka. Kilichonitisha ni kwamba hakukuwa na sauti hata kidogo. Kuku walikuwa wanachakura miguuni petu, jirani alikuwa anatwanga, na pale kwenye weupe mkono ulipanda ukashuka, nami nikahesabu kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuhesabu na sikujua namna ya kuacha. Nilifika kumi na saba.

Walirudi saa ya jua kali. Mama mbele, begi kichwani, baba nyuma na fyekeo begani, kama watu wanaotoka kulima. Nusu ya uso wa mama haikuwa uso. Alipita karibu yangu akaingia ndani akalala kifudifudi. Kesho yake walimpeleka hospitali ya misheni, na mama mwenyewe alipoulizwa alisema ameangukia kisiki. Alirudi na pamba kwenye jicho. Chini ya ile pamba jicho lilikuwa limeshakufa.

Jumatatu nilikwenda shule. Mwalimu, na shali yake, akauliza ni nani anakumbuka upeo wa macho ni nini. Wenzangu wakanyoosha mikono. Mimi nilikuwa na jiwe mfukoni, nililiokota njiani bila kujua la nini, jiwe jeupe la ukubwa wa yai. Nilisimama nikalitupa. Lilimpata juu ya jicho. Alikaa chini kwa mshangao, damu ikaingia kwenye shali, na yeye akaendelea kuniangalia bila hasira, kama anayejaribu kukumbuka amenikosea nini. Hakuwahi kujua. Alihamishwa mwaka uliofuata, na mpaka leo nina deni la kumwomba radhi mtu ambaye sijui aliko.

Nilichapwa mbele ya shule nzima, viboko ambavyo sikuvisikia. Kisha baba akaitwa. Nilidhani ataniua. Alisikiliza kesi yote amesimama mlangoni mwa ofisi, na uso wake ukawa unakunjuka kidogo kidogo, hadi mwalimu mkuu aliposema "hadi mwenzetu ameshonwa," baba akacheka waziwazi. Njiani alinipitisha dukani akaninunulia soda ya chungwa.

"Kunywa," alisema, akinipapasa kichwa. "Wewe ndiye mtoto wangu."

Nilikunywa yote. Ilikuwa tamu. Nimepigwa mara nyingi na yule mtu, lakini hakuna siku aliyonipiga kama ile.

Mama hakujaribu tena kuondoka. Nilisoma kwa hasira, nikafaulu kwa hasira, nikawa mwalimu. Mara tatu nilikuja na gari kumchukua, mara tatu alisema viazi havijavunwa. Baba alipopooza upande mmoja, mama alimlisha uji kwa kijiko, uji usio na mabonge, miaka minne. Niligombana naye kwa hilo. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Yeye akawa ananitazama tu kwa lile jicho moja, na mimi nikawa napaza sauti zaidi, kwa sababu anayepiga kelele hahitaji kuungama.

Siku ya tatu baada ya mazishi, matanga yalipokwisha na Upendo amerudi Ludewa kwa mumewe, mama alikuja nilipokuwa naosha masufuria. Alikuwa amevaa viatu.

"Nipeleke kule juu," alisema.

"Wapi?"

Alielekeza kidevu chake kwenye kilima.

Tulipanda polepole. Ana zaidi ya miaka sitini sasa, na kwa upande wa kushoto hujikwaa, kwa hiyo nilitembea upande huo. Barabara ya moto ilikuwa imefyekwa upya. Tulikutana na wanaume wawili wenye majembe wakatusalimu, "Kamwene," wakatupa pole ya msiba, wakasimama pembeni tupite. Tulifuata mgongo wa kilima hadi mama alipofika mahali palipo na jiwe bapa, akasimama.

"Alinikamatia hapa," alisema.

Niligeuka kutazama chini. Nyumba yetu ilionekana ndogo, bati lake limepata kutu, na mbele yake lile gogo. Nikaona ni karibu kiasi gani. Mtu aliyesimama hapa anaweza kabisa kumwona mtoto aliyesimama pale, na hata mkono wake.

"Nilikuwa nimesimama kule nyuma," mama aliendelea. "Nilisema niwaangalie mara ya mwisho. Nikakuona umesimama umeninyooshea mkono, mwanangu. Nikajua unaniaga. Ningepita tu. Lakini nilikupungia. Miaka yote hii najiambia, kama nisingepunga yule mtu asingeniona. Wewe ulikuwa mtoto unamuaga mama yako. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima."

Kwa hiyo alikuwa na hesabu yake, na katika hesabu yake mimi sikuwemo. Ningeweza kunyamaza. Alikuwa amenifungulia mlango, nilichotakiwa ni kupita. Nilitazama lile bati la kutu na nikasikia tena ile kelele niliyokuwa nikipiga miaka yote, safari hii ndani ya kichwa tu, na nilichoka nayo.

"Sikuwa nakuaga, mama," nilisema. "Nilikuwa namwonyesha baba. Alikuwa amesimama nyuma yangu, chini ya paa la jiko. Nilimwambia yuko kwenye upeo, humfikii. Mwalimu alitufundisha haufikiki. Nilitaka aumie."

Aligeuza kichwa chote. Jicho zima lilinikagua uso, kipande kwa kipande. Kisha akanipiga kofi.

Mama yangu hajawahi kumpiga mtu. Hakuwahi kunichapa hata nilipovunja vyungu. Kofi lile lilitoka begani, na mkono uliolima miaka hamsini, likanikalisha chini kwenye majani yaliyofyekwa. Sikio likavuma. Wale wanaume wenye majembe waligeuka wakatutazama kwa mbali, wakaona ni mambo ya watu waliofiwa, wakaendelea na kazi.

"Nilikuambia useme mtoni," alisema.

"Nilisema mtoni. Beseni lilikuwa jikoni."

Midomo yake ilikuwa inatembea. "Beseni," alisema hatimaye. "Niliacha beseni." Akaketi kwenye jiwe lile bapa, karibu nami hadi magoti yetu yakagusana, akatazama mikono yake.

"Imeuma?"

"Imeuma."

"Haya."

Tulikaa hapo. Nililia, yeye hakulia. Aliniwekea mkono ule ule shavuni, mahali alipopiga, akauacha hapo kama mtu anayepima homa. Halafu akainuka, akapiga hatua kama kumi kufuata barabara ya moto, hadi mahali ambapo mgongo wa kilima unaishia. Siku hiyo hakukuwa na ukungu. Upande wa pili wote ulikuwa wazi: mashamba ya chai, misonobari michanga, na mbali sana vilima vingine vimepigwa mstari wa bluu ambao kesho yake, kama ningekuwa kazini, ningewaambia watoto unaitwa nini. Mama hakutazama huko. Alikuwa anatazama karibu, chini ya miguu yake, ambapo ukanda uliofyekwa unashuka moja kwa moja. Chini pale kulikuwa na lami. Basi dogo lilipita, na tulilisikia hadi honi.

"Lami ile?" aliuliza.

"Ndiyo. Inakwenda Makambako."

"Siku ile kulikuwa kweupe. Sikuona kitu. Nilidhani bado kuna safari." Alivuta pumzi. "Kumbe hatua kumi. Kumbe kuanzia hapa ni mteremko mtupu."

Akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akaanza kushuka.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Makambako."

"Mjomba alishafariki, mama. Hakuna mtu kule."

"Najua," alisema bila kugeuka. "Nakwenda kufika tu."

Nikainuka, nikajipangusa majani. Shavu lilikuwa bado linawaka. Nilimfikia kabla hajafika penye mawe ya mteremkoni, nikatembea upande wake wa kushoto.